Saiti Moja, Macho Mawili: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kuziba Pengo la Usalama kati ya Msimamizi na Mafundi

Mwulize msimamizi wa nyumba ya ghorofa moja inayojengwa Goba au Kigamboni, Dar es Salaam, kama saiti yake ni salama. Atakupeleka stoo: kofia ngumu 12 zimetundikwa msumarini, glavu, buti jozi 8, kisanduku cha huduma ya kwanza. Mwulize saidia fundi anayepandisha karai la zege, atakujibu kwa maneno matatu: "Tunamwomba Mungu tu." Hakuna aliyekudanganya. Mmoja anapima usalama kwa vitu alivyonunua na makatazo aliyotoa. Mwingine anaupima kwa kinachotokea Jumamosi saa 10 jioni, zege limebaki toroli kumi, mvua inanyemelea, na bosi anapiga simu kuuliza mmefika wapi.

Utamaduni wa usalama ni huo wa Jumamosi jioni. Ni yale ambayo watu wa saiti wanayafanya bila kuambiwa, na yale ambayo wanaogopa kuyasema. Pale ambapo maoni ya uongozi na ya mafundi yanaachana sana, ndipo ajali inapojificha, kwa sababu anayeijua hatari hana fedha ya kuiondoa, na mwenye fedha haioni.

Mwongozo huu ni wa saiti ya kawaida ya nyumba ya kuishi Tanzania: watu 10 hadi 25, fundi mkuu mmoja, kazi nyingi za mikono, jukwaa la mirunda, yaani nguzo za miti. Kwenye mjengo wa Kenya majina yatabadilika lakini hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika nani analipwa na nani, na kwa mtindo gani

Chukua daftari uorodheshe kila anayekanyaga saiti: mwenye nyumba, mkandarasi au msimamizi, fundi mkuu, waashi, fundi nondo, seremala, fundi umeme, fundi bomba, saidia fundi, vibarua wa siku, mlinzi, na mama lishe anayeleta chakula. Mbele ya kila mmoja weka mtindo wa malipo: kutwa, kwa tofali, patano la kazi nzima, au mshahara wa mwezi. Kisha ongeza safu ya tatu: nani anaweza kumwambia "kesho usije".

Safu hiyo ya tatu ndiyo inayofungua macho. Msimamizi anajiona kiongozi wa wote, kumbe saidia fundi hajawahi kuzungumza naye hata mara moja. Bosi wake ni fundi aliyemleta. Tangazo la usalama likitoka kwa msimamizi bila kupita kwa fundi huyo, kwa saidia fundi ni kelele tu.

Fundi mkuu mwandike peke yake. Mbele ya mwenye nyumba yeye ni uongozi; juu ya jukwaa ni fundi mwenye patano lake. Ukimchanganya na kundi lolote, hesabu zako zitapotoka.

Halafu tazama malipo kwa makini. Aliyepatana kupandisha boma (kuta zote kabla ya paa) kwa fedha moja, zile saa tatu za kufunga jukwaa zinatoka mfukoni mwake. Anayelipwa kutwa hapotezi kitu. Watu wawili wanaweza kusimama kwenye ubao mmoja, mmoja akatamani ufungwe vizuri na mwingine akatamani wapande hivyohivyo, na wote wakawa na akili timamu. Ndiyo maana kumwita fundi "mzembe" hakujibu swali. Patano lake ndilo linalomsukuma.

Hatua ya 2: Uliza kwa vizibo vya soda

Dodoso la karatasi halifai saiti. Wapo wasiosoma vizuri, na wanaosoma wanajua mwandiko wao unatambulika. Tafuta makopo manne yenye mfuniko uliotobolewa, yaandike 1, 2, 3 na 4, uyaweke nyuma ya pazia la turubai. Kila mtu apewe vizibo 10. Soma sentensi moja kwa sauti, mara mbili; kila mmoja apite nyuma ya turubai atumbukize kizibo kimoja: 1 ni "sikubali kabisa", 2 "sikubali", 3 "nakubali", 4 "nakubali kabisa". Hesabu, andika, mwaga makopo, nenda sentensi inayofuata. Usiweke kopo la katikati. Wengi watakimbilia huko ili wasijulikane wako upande gani. Kwa watu 12 zoezi zima linachukua kama dakika 40, na dakika hizo zilipwe.

Anayeuliza asiwe msimamizi wala fundi mkuu. Mwalimu wa jirani, mhandisi wa saiti nyingine, hata kijana wa chuo anafaa. Usifanye siku ya malipo, maana siku hiyo kila mtu ataisifu saiti.

Sentensi zenyewe:

1. Bosi akiona kazi inafanywa kwa hatari, anaisimamisha hata kama tumechelewa.
2. Anayekataa kupanda jukwaa bovu anabaki na kibarua chake.
3. Mtu akiumia, tunaulizwa kwanza nini kilitokea, kabla ya kuulizwa nani kakosea.
4. Jambo likinusurika kuwa ajali, tunalisema siku hiyohiyo.
5. Vifaa vya kujikinga vinatosha, na vinanienea.
6. Naweza kumwambia fundi mkuu "hapa pana hatari" bila woga.
7. Mtu mpya anaonyeshwa hatari za saiti kabla ya kushika kazi.
8. Malipo yangu yananipa nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu salama.
9. Nikiumia hapa nitatibiwa, na nyumbani watakula.
10. Mwenzangu akiniona nafanya kwa hatari, ananikataza.

Sentensi zote zimeelekezwa upande mzuri kwa makusudi. Ukiweka moja ya kukanusha katikati ("sipewi glavu"), baadhi ya watu watajibu kinyume bila kujua. Uongozi nao wajibu sentensi hizohizo, kwenye karatasi, kila mmoja pembeni, kabla hawajaona majibu ya mafundi. Pale penye "naweza" wao wasome "mafundi wangu wanaweza".

Hatua ya 3: Piga hesabu, kisha usome pengo

Chukua sentensi ya 2 kama mfano. Mafundi na saidia fundi ni 11: vizibo 5 kwenye kopo la 1, vizibo 4 kwenye la 2, vizibo 2 kwenye la 3. Hiyo ni 5 + 8 + 6 = 19; gawa kwa 11, unapata 1.73. Uongozi ni watatu, wamejibu 4, 4 na 3: wastani 3.67. Pengo ni 1.94.

Lipo dodoso kubwa linaloitwa NOSACQ-50, lililotengenezwa na watafiti wa nchi za Nordic kwa kazi hii hii. Lina sentensi 50 na kipimo cha 1 hadi 4. Wao wanahesabu wastani wa juu ya 3.30 kuwa hali nzuri, na chini ya 2.70 kuwa hali dhaifu inayotaka kazi kubwa. Orodha yetu fupi haiwezi kujilinganisha na dodoso lile, lakini mipaka hiyo inasaidia macho. Kwa pengo, tumia kanuni hii ya saiti: likifika 1, hapo pana jambo ambalo uongozi haujui.

Hali zinazojitokeza ni nne. Uongozi juu, mafundi chini: ndiyo ya kawaida kuliko zote, hapa kwetu na kwingineko. Wote chini: kila mtu anajua saiti ni mbovu, na hiyo ni rahisi kurekebisha kwa sababu hakuna wa kushawishiwa. Wote juu: usishangilie kabla ya kutembea saiti, inawezekana watu wameogopa, hasa kama sentensi ya 6 nayo imepata karibu 4 huku hakuna aliyefungua mdomo kwenye kikao. Ya nne ndiyo hatari ya kimyakimya: mafundi juu, uongozi chini. Hii ni ya mafundi wakongwe waliopanda mirunda miaka 20 bila kuanguka. Wanaamini miguu yao kuliko reli, ule mti wa kushika pembeni mwa jukwaa. Usiwabishie kwa maneno. Wape kazi ya kumfundisha mgeni kupanda, na waulize kijana huyo anahitaji kushika wapi. Wataiona reli inayokosekana kwa macho ya mgeni wao.

Hatua ya 4: Tembeeni saiti pamoja, mdogo aseme kwanza

Namba hazitoshi. Ndani ya siku mbili baada ya vizibo, watu watatu waizunguke saiti: msimamizi, fundi mmoja, saidia fundi mmoja. Kila mnaposimama, saidia fundi anasema kwanza anachokiona, fundi anafuata, msimamizi anamalizia. Mpangilio huo usivunjwe. Bosi akitangulia kusema "hapa pako sawa", hakuna atakayempinga mbele ya watu. Heshima yetu haituruhusu.

Mbebe futi ya kupimia. Bila futi, "imara" ya msimamizi na "imara" ya fundi ni vitu viwili.

*Jukwaa.* Hapa kaeni muda mrefu. Ubao wa kukanyaga uwe wa inchi 2 kwa 8, mbao tatu ubavu kwa ubavu, upate upana wa sentimita 60. Ubao mmoja ni daraja la kuangukia. Nguzo za kulalia ubao zisiachane zaidi ya mita 1.5. Ncha ya ubao ipite nguzo kwa sentimita 15 hadi 20: ikiwa fupi inachomoka, ikiwa ndefu ni mtego, ukiikanyaga upande wa pili unainuka kama pembea. Reli ya juu iwe mita 1 kutoka unapokanyaga, ya kati nusu yake, na ubao wa pembeni wa sentimita 15 uzuie tofali na mwiko visidondoke. Miguu ya mirunda isimame juu ya kipande cha ubao, hasa kwenye mchanga wa pwani, la sivyo mguu mmoja unazama na jukwaa zima linainama. Fungeni mirunda ya mshazari pande zote. Jukwaa lenye miguu iliyonyooka tu litayumba likianza kubeba.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchomeka mrunda kwenye ukuta uliojengwa jana ili ubebe jukwaa. Udongo wa saruji haujashika. Tofali linang'oka pamoja na watu. Shikizeni jukwaa kwenye matundu ya madirisha, kwa mrunda wa kuvuka ndani na nje. Kosa la pili ni uzito. Tofali la inchi 6 lina kilo 25 hadi 30. Matofali 20 yakirundikwa sehemu moja ni nusu tani au zaidi, kabla hata fundi hajapanda. Pandisheni ya nusu saa tu, yapangwe juu ya nguzo, siyo katikati ya ubao.

Kosa la tatu halionekani mchana. Jioni seremala anachomoa mbao mbili za jukwaa akafungie mbao za slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), kwa sababu za kwake hazikutosha. Asubuhi mwashi anapanda palepale alipozoea. Mbao za jukwaa zipakwe rangi nyekundu kwenye ncha zote mbili, na iwe marufuku rangi hiyo kuonekana kwenye slabu. Kopo moja dogo la rangi linatosha nyumba nzima.

*Kofia na karai.* Kila msimamizi analalamika kwamba vijana hawavai kofia ngumu. Anaita ubishi. Mwangalie saidia fundi: anabeba karai kichwani juu ya kata. Kata haikai juu ya kofia ngumu; karai litateleza na kumwangukia aliye nyuma yake. Ameambiwa afanye mambo mawili yasiyowezekana kwa pamoja, akachagua lile linalomlipa. Dawa yake ni kuondoa mzigo kichwani: kapi na kamba nene ya kupandishia ndoo, ifungwe kwenye nguzo yake yenyewe iliyoshikiliwa vizuri, isifungwe kwenye reli ya jukwaa, na eneo la mita 2 chini yake lizungushiwe kamba asipite mtu. Kwa usawa wa chini, toroli na njia ya mbao. Kapi likishafungwa, kofia inavalika.

Buti nazo hivyohivyo. Jozi 8 za saizi moja zinazovaliwa kwa zamu zinanuka na kuambukiza fangasi, na mtu atarudi kwenye ndala zake. Uliza kila mmoja namba yake, mnunulie, mwandikie jina.

*Mashimo.* Chemba na shimo la maji taka linaua watu wazima wenye nguvu kwa dakika chache. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina zaidi ya kilo 1,600. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu avute pumzi, hata kama kichwa kiko nje. Shimo likizidi mita 1.2, usishushe mtu bila moja kati ya haya: kingo zilizolazwa mteremko (kwa mchanga, kila mita 1 ya kina ilazwe mita 1.5 kwa upande), mbao za kuzuia kuta zilizokazwa kwa mirunda ya kuvuka, au pete za zege zinazoshuka kadiri mnavyochimba chini yake. Udongo uliotolewa ukae mita 1 kutoka ukingoni. Lori la tofali na boza la maji visikaribie kabisa. Mtikisiko wao unatosha kuangusha ukuta wa shimo. Asubuhi baada ya mvua, mtu asishuke kabla halijakaguliwa.

Na shimo la zamani, lililowahi kutumika, lina hewa chafu isiyoonekana. Mmoja akishuka akaanguka, usimruhusu wa pili amfuate. Wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

*Siku ya zege la slabu.* Fanya hesabu hii mbele ya mafundi wote, ukutani kwa mkaa: chumba cha mita 4 kwa 4, slabu ya sentimita 15, ni mita za ujazo 2.4. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400. Jumla ni kilo 5,760, bado watu, toroli na mashine ya kutetemesha. Yote yanabebwa na mirunda. Mrunda ulioungwa kwa misumari katikati haufai kubeba. Mrunda uliosimama kwenye udongo uliomwagiwa maji unazama. Zege likimwagwa rundo sehemu moja, mirunda ya hapo inabeba kupita mpango. Lisambazwe mara linapofika. Mtu mmoja apewe kazi ya kutazama mirunda kutoka pembeni, asiingie chini, na awe na mamlaka ya kusimamisha mchanganyo.

Hapa pengo la macho linaonekana wazi. Kwenye ratiba ya msimamizi slabu inakaa siku 21 hadi 28 kabla ya kutoa mirunda. Lakini mirunda ni ya kukodi, inalipiwa kila siku, na siku ya 10 mwenye mirunda anaanza kupiga simu kwa fundi mkuu, siyo kwa msimamizi. Kodi ya siku zote 28 iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo na ilipwe na mwenye nyumba moja kwa moja. Mhandisi peke yake ndiye atakayesema "toeni".

Saruji mbichi inachoma ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo. Aliyepiga magoti kwenye zege saa mbili anagundua usiku, ngozi imeshaharibika. Vaa suruali ndefu ndani ya buti, na zege likiingia ndani, vua hapohapo uoshe kwa maji mengi dakika 20. Mafuta ya taa hayasafishi, yanazidisha.

*Umeme* una mambo machache. Umeme wa muda wa saiti upite kwenye kile kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD, cha miliampia 30, kinachokata umeme unapovuja. Waya zininginizwe juu, zisilale kwenye matope. Grinda isitumike bila kikinga jiwe chake na miwani. Nondo ndefu zisisimamishwe karibu na nyaya za TANESCO; kama nyumba iko karibu na nyaya, wapigieni kabla ya kuanza ghorofa.

Hatua ya 5: Badilisha patano, ndipo utabadilisha kazi

Chukua sentensi ya 8. Ikiwa chini ya 2.70, usipoteze muda kwenye mabango. Kaa na fundi mkuu, vunja patano lake vipande. Kufunga na kufungua jukwaa kuwe na bei yake, ilipwe baada ya jukwaa kukaguliwa kwa futi, si baada ya ukuta kuisha. Kuzuia kuta za shimo kuwe na bei yake. Kapi na kamba vinunuliwe na mwenye nyumba, vibaki mali yake. Mkishaandika hivyo, fundi anayefunga jukwaa vizuri anapata zaidi ya anayeruka hatua. Kabla ya hapo ilikuwa kinyume.

Mwenye nyumba atauliza kwa nini alipe. Mwonyeshe sentensi ya 9. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa mahali pa kazi pawe salama, na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wanaoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote. Kama unajenga kupitia mkandarasi, dai uone usajili wake wa sehemu zote mbili kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: Dakika saba za asubuhi

Kila siku kabla ya kazi, watu wasimame duara. Maswali matatu tu: leo tunafanya nini, nini kinaweza kutuumiza, nani anafanya nini juu ya hilo. Swali la pili lijibiwe na saidia fundi au kibarua wa siku, kila siku mwingine. Siku tatu za mwanzo watacheka au kunyamaza, ngojeni. Kinachoua kikao hiki ni msimamizi kukigeuza hotuba. Akizidi dakika mbili, watu wameshaanza kufikiria chai.

Vibarua waliofika leo wabaki dakika tano zaidi: waonyeshwe shimo, nyaya, njia ya kupita, maji ya kunywa, na nani wa kumwita.

Hatua ya 7: Neno moja la kusimamisha kazi

Kubalianeni neno, "Simama!", ambalo yeyote anaruhusiwa kulipaza, mama lishe akiwemo. Likisemwa, mikono inatua kwanza, maswali baadaye. Muda uliosimama unalipwa.

Ahadi hii itapimwa ndani ya wiki mbili, na itapimwa na mdogo kuliko wote, siku mbaya. Kijana atasimamisha zege kwa jambo ambalo litaonekana si kitu. Msimamizi akimfokea siku hiyo, sentensi ya 2 na ya 6 zitarudi zilipokuwa na hazitapanda tena kwenye nyumba hiyo. Amshukuru mbele ya wote, aeleze alichokagua, kazi iendelee. Na fundi mkuu aambiwe mapema kwamba na yeye atasimamishwa, mbele ya vijana wake, ili asione ni kudharauliwa.

Hatua ya 8: Daftari la nusura

Tofali limedondoka pasipo mtu. Ubao umepasuka fundi akashika reli. Haya yaandikwe: siku, mahali, nini kilitokea, nini kimebadilishwa. Jina la mtu lisiandikwe. Wiki za mwanzo idadi itaongezeka, na msimamizi ataingiwa hofu kwamba saiti imeharibika. Kumbe ndiyo kwanza imeanza kusema. Daftari lisilo na kitu mwezi mzima ndilo la kutia wasiwasi.

Hapo ndipo utakaposikia "ajali haina kinga". Usiukejeli msemo huo. Mtu anayekula jasho la siku hiyohiyo, asiye na uwezo wa kununua hata ubao mmoja, ana haki ya kuutegemea. Jibu lake ni tendo: aliyesema ubao umepasuka, aone ubao mpya kabla ya saa 6 mchana. Jambo lililoandikwa likikaa siku tatu bila kuguswa, hakuna atakayeandika la pili. Na uongozi nao una msemo wake wa aina hiyohiyo, "uzembe wa fundi", ambao kazi yake ni ileile: unafunga mjadala kabla mtu hajauliza ubao ulipasuka kwa nini, ulinunuliwa wapi, na nani aliukagua.

Hatua ya 9: Rudia vizibo kabla ya kupaua

Wengi hupima mara moja, wakafurahi, wakaacha. Nyumba haijengwi na watu walewale. Waashi wakimaliza boma wanaondoka na mazoea yao yote mliyoyajenga, na kikosi cha kupaua kinafika na ya kwake. Hawa ndio wanaofanya kazi juu kuliko wote, juu ya kenchi (fremu za mbao za paa), wakiwa na mabati mikononi ambayo upepo wa mchana unayageuza tanga. Pimeni wakati boma linapanda, mara ya pili wiki sita baadaye, na mara ya tatu siku mbili baada ya wapauaji kuingia.

Kwa wapauaji, asubuhi ya kwanza kabla ya bati kupanda: mkanda wa usalama na kamba iliyofungwa kwenye sehemu ya ukuta yenye zege la linta (boriti iliyo juu ya milango na madirisha), si kwenye papi (mbao za kupigilia bati), ngazi iliyolazwa kwa uwiano wa mita 4 za kimo kwa mita 1 ya kitako, ikizidi ukingo kwa mita 1 na kufungwa juu, mabati yapandishwe asubuhi upepo ukiwa mdogo, na yaliyopanda yapigiliwe yote kabla ya chakula, bati lenye umande au mvua lisikanyagwe. Sentensi ya 5 iulizwe kwanza, maana mikanda mingi inayofika saiti ni ya mtu mnene na wapauaji wengi ni vijana wembamba. Mkanda usiokaza kiunoni na mapajani ukamchomoka ni sawa na kutokuwa nao. Mvalishe kila mmoja, mvute kwa nguvu akiwa bado chini, kisha umwache apande.